Meseji za "security" zinaniumbua mbele ya projekta, nisaidieni

mhasibu_mpole
Wakuu habari za muda huu. Mimi ni mhasibu wa SACCOS, juzi tulikuwa na mkutano mkuu wa mwaka na ndo mara ya kwanza tunatumia projekta badala ya makabrasha. Ukumbi umejaa, mwenyekiti kanikaribisha kwa mbwembwe, nafungua tu faili la PowerPoint ikaja meseji kubwa katikati ya ukuta imeandikwa Security Notice, sijui links, chini vitufe viwili Update Links na Cancel. Nikabonyeza Update Links, laptopu ikaganda weee, mama mmoja wa mstari wa mbele akauliza kwa sauti "hiyo security ndo ya hela zetu?" Watu wakaangua kicheko ila wapo ambao hawakucheka kabisa.

Haikuishia hapo. Nimefika slaidi ya mikopo chechefu, ambayo yenyewe tu ilishanitoa jasho, kule chini kulia ikachomoza nyingine inasema kompyuta ina virusi 5 bonyeza hapa haraka. Naifunga, inarudi. Laptopu ni ya ofisi, Windows 11. Wiki ijayo nawasilisha tena kwenye bodi, nazima wapi hizi takataka?

jeki_wa_cyber
Rahisi hiyo mkuu. Ingia File, Options, Trust Center, ruhusu kila kitu, halafu siku yenyewe zima na antivairasi. Mi nafanyaga hivyo kwenye semina zote na sijawahi kuaibika

bi_slaidi
Jeki acha kumpoteza mwenzio, laptopu yenye hesabu za wanachama unamwambia azime ulinzi wote?? Na ukiruhusu makro zote (vile vijiprogramu vinavyokaa ndani ya faili), ile meseji ya links haiondoki, ni vitu viwili tofauti.

Mhasibu ndugu yangu, naomba nikisie: grafu zako ulizitengeneza Excel ukafanya Ctrl+C ukaja huku ukafanya Ctrl+V, si ndio? Basi hapo ndo penyewe. Grafu ya Excel ukiipesti hivihivi kwenye PowerPoint kawaida yake inabaki imefungwa kamba na lile faili la Excel. Kila ukifungua slaidi, PowerPoint inauliza iende ikachukue namba mpya au iache, na kama lile faili la Excel umelihamisha au liko kwenye flashi uliyoiacha nyumbani inalitafuta mpaka inachoka, ndo huko kuganda kwako.

Dawa yake: fungua slaidi, nenda File halafu Info, angalia chini kabisa kulia kuna maandishi madogo Edit Links to Files (kama hakuna link hayaonekani). Utaona orodha, chagua moja moja bonyeza Break Link, seivu. Grafu inabaki na namba zake za mwisho ila hutaweza tena kubadilisha data yake hapo, kwa hiyo fanyia kwenye kopi, ile orijino iache salama.

Siku nyingine ukipesti, kile kialama kinachotokea pembeni ya grafu kibonyeze uchague picha. Kuna chaguo la Embed Workbook, hilo wewe liogope, linabeba faili zima la Excel linaliingiza ndani ya slaidi, sasa uje uwatumie wajumbe slaidi kwenye grupu la WhatsApp mtu abonyeze grafu akute akiba na madeni ya kila mwanachama 😳 nimeona hiyo kwa macho yangu, sitasema wapi.

mzee_wa_patch
Naunga mkono hapo juu. Jeki, hizo meseji hazikuwekwa kwa kukomoana. Mwaka 2014 wadukuzi walikuwa wanatuma mafaili ya slaidi yanayotumia tundu la Windows, unafungua tu umeisha. 2017 ikaja slaidi ambayo hata hubonyezi, unapitisha mausi juu ya maandishi inataka kushusha kirusi, na kilichowaokoa wengi ni meseji ya ulinzi kama hizi unazotaka azime, waliobonyeza Enable ndo walioumia.

Ila ile ya virusi 5 mi naona si antivairasi kabisa. Angalia vizuri, kwa juu au chini yake haina jina la Chrome na anwani ya tovuti?

mhasibu_mpole
Mzee ngoja nicheki... dah ni kweli, ina alama ya Chrome na jina la tovuti moja ya kuangalia mpira

mzee_wa_patch
😂😂 Kuna siku ulikuwa unatafuta mechi ikakuambia bonyeza Allow ili uendelee, ukabonyeza. Tangu hapo inakutumia matangazo ya kutisha. Usibonyeze ndani yake hata kidogo. Chrome, Settings, Privacy and security, Site settings, Notifications, itafute hiyo tovuti uiondoe. Kisha piga skani na Windows Security kujiridhisha tu.

Na kwenye bodi, ukishachomeka waya wa projekta bonyeza Windows+P uchague Extend. Hapo ukutani inaenda slaidi, vijimeseji vinabaki kwako kwenye laptopu. Washa na Do not disturb kwenye Settings, System, Notifications. Hiyo inanyamazisha vya pembeni tu, ile ya links haiigusi, lazima ukate kamba kama bi_slaidi alivyosema.

jeki_wa_cyber
Haya nimeelewa wazee, ila tembea na PDF kwenye flashi, hiyo haiulizi mambo ya links

bi_slaidi
Hapo sasa umeongea Jeki. Animesheni zitapotea lakini bodi ya SACCOS animesheni za nini

mhasibu_mpole
Mrejesho: nimekuta link nne, moja inaelekea kwenye desktop ya mhasibu aliyenitangulia, aliacha kazi mwaka juzi 🙆 yaani grafu ya akiba nilikuwa naikopi tu kutoka slaidi zake za zamani bila kujua. Nimekata zote, faili linafunguka kimya. Chrome nimeisafisha.

Sasa hiyo grafu ya akiba itabidi niitengeneze upya leo usiku, maana namba zake ni za huyo jamaa na mkutano mzima uliipigia makofi.