Altezza RS200 inahama matako kwenye kona, nifunge stabilaiza nene?

KonaKali: Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota Altezza RS200 ya 1999, gia sita za mkono. Injini ya 3S-GE haina neno, shida iko nyuma. Nikiwa ndani ya kona, hasa ya kulia, nikiachia mafuta ghafla matako yanahama kabla sijajua kinachoendelea. Wiki iliyopita nashuka Kitonga na manyunyu, lori mbele likashika breki, nikaachia mafuta, gari ikasimama mshazari katikati ya barabara. Tangu siku hiyo mke wangu anapanda basi.

Aliyeniuzia alikata springi koili moja na nusu ili gari ilale chini. Tairi za nyuma bado zina kashata, mifereji haijaisha. Fundi anasema ninunue stabilaiza nene ya nyuma, ile fimbo ya chuma inayounganisha miguu ya kushoto na kulia. Kabla sijatoa hela naomba ushauri.

MzeeWaSpana: Usinunue! Stabilaiza ngumu ya nyuma inapunguza gari kulalia upande, ni kweli, lakini kwenye kona inahamishia uzito zaidi kwenye tairi la nje la nyuma. La ndani linabaki jepesi, la nje linaelemewa, na yote mawili kwa pamoja yanashika kidogo kuliko mwanzo. Gari ya kusukuma kwa nyuma inayotupa mkia inataka kinyume chake: nyuma ilainike kidogo, au mbele ndiyo igangamale.

Halafu umesema kona ya kulia. Hiyo inaelemea tairi la nyuma kushoto. Piga jeki, weka stendi, chukua mtaimbo mdogo uchokonoe bushi, ile mipira ya maungio, za mikono ya chini inayoshika tairi upande huo. Bushi ikichanika, ukiachia mafuta mkono unasogea na tairi linajipiga kona lenyewe bila kukuuliza. Ndicho unachokisikia.

DerevaMkavu: Uza ununue Noah, ndoa ipone.

BintiGereji: 😂 Mwache kijana.

Mkuu, kashata si kigezo. Soma namba nne za mwisho za DOT, ule msimbo wa kiwandani ubavuni mwa tairi: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mpira ukizeeka unakauka, kwenye lami yenye maji unateleza hata kama mifereji ina kina. Pitisha pia mkono upande wa ndani wa tairi. Gari iliyoshushwa hivyo tairi zake zinalala kwa ndani, na huko ndiko zinakoliwa wakati nje panaonekana papya.

Springi za kukata tupa. Zimekuwa ngumu kuliko za kiwandani na zimekula nafasi ya shokapu kucheza. Ukikuta bonde katikati ya kona, shokapu inagonga mpira wa kizuizi, nyuma inageuka jiwe, tairi linaachia.

KonaKali: Nimerudi wakuu. DOT inasoma 3113! Aliyeniuzia aliniambia ni mpya. Na bushi ya kushoto imechanika nusu duara, nimeingiza ncha ya bisibisi ikapita bila kulazimisha. Leo nimefungiwa bushi mpya pande zote mbili na springi za kiwandani za mtumba. Tairi nne za 215/45R17 nazifuata Jumamosi. Baada ya hapo alaimenti, kupima na kurekebisha tairi zinakoelekea?

MzeeWaSpana: Ndiyo, ya magurudumu yote manne. Wengi wanapima mbele tu wanakuandikia risiti. Waambie nyuma tairi zielekee ndani kidogo kwa mbele, kushoto na kulia sawasawa. Zikifunguka kwa nje, hata kidogo, mkia hautatulia. Upepo fuata kibandiko cha mlangoni, upime tairi zikiwa za baridi.

Swali moja: bolti za bushi alizikaza gari ikiwa wapi?

KonaKali: Juu ya jeki, miguu inaning'inia. Kuna ubaya?

MzeeWaSpana: Upo. Mpira wa bushi umebanwa mguu ukiwa umening'inia. Ukishusha gari unabaki umejisokota muda wote, na hauchukui muda utachanika tena. Alegeze zote, gari ikae kwa uzito wake juu ya matairi, aitikise mara mbili tatu, ndipo akaze.

KonaKali: Kesho saa mbili asubuhi niko mlangoni kwake.