Binti yangu anataka "vitu vya kuongeza nguvu", nimjibuje?

Mama_Mkimbiaji:
Wapendwa naombeni mawazo. Binti yangu ana miaka 15 anakimbia mita 800, juzi tunatoka mashindanoni kawa wa nne, njia nzima kimya halafu ghafla ananiambia mama, wale walionipita wanatumia vitu, na mimi nitafutieni. Nilimfokea sana. Lakini usiku sikulala, maana nilikumbuka hayo ni maneno ya baba yake, kila tukiangalia mbio kwenye TV mtu akishinda anasema huyo kadunga tu, bila dawa hufiki pale, na mimi huwa nacheka. Sasa nimwambie nini mtoto aliyejifunzia kwetu?

KochaVijana:
Pole dada, ila ugonjwa umeshauona mwenyewe. Mtoto ukimwambia wote wanatumia, anachosikia ni kwamba asiyetumia ndo mjinga. Halafu akitoka uwanjani swali la kwanza likiwa umekuwa wa ngapi, hata muda wake hamuulizi, anajua kabisa nyumbani wanapenda namba. Mimi ningeanza na mzee kabla ya mtoto.

BabaWatatu:
Na wazazi wengi hawajui, kwenye kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, mzazi anayemsaidia mwanamichezo yuko kundi moja na kocha na daktari, ukimpa mtoto kitu kilichokatazwa unafungiwa na wewe, tena inaweza kuwa maisha. Hata nia nzuri haiokoi. Andreea Răducan wa Romania alikuwa na miaka 16 Sydney 2000, daktari wa timu kampa kidonge cha mafua chenye pseudoephedrine, wakati huo ilikuwa marufuku, dhahabu ya jimnastiki ikaondoka. Kwa hiyo hata dawa ya kikohozi uliza kwanza, kama anaihitaji kweli kuna utaratibu wa kuomba kibali.

Zamani_Mwogeleaji:
Mama, mimi baba hakuwahi kunipa dawa haramu hata siku moja. Alikuwa ananiletea mapoda na vidonge vya dukani, vya halali vyote, ila kila asubuhi "kunywa, wenzako watakuacha". Nilipofika miaka 19 mtu akanionyesha kitu kingine, na wallahi sikuona tofauti, kwangu ilikuwa ni kopo jingine tu. Namshukuru Mungu niliogopa sindano. Usiangalie dawa peke yake, angalia na yale mnayomwambia asipokunywa.

Mama_Mkimbiaji:
Asanteni jamani, nimesoma yote nikampa na baba yake asome, alikaa kimya muda mrefu. Jana jioni tumemwita tukakaa naye, baba kamwambia yale maneno ya kwenye TV nilikosea, sina ushahidi wa mtu yeyote, nisamehe. Mtoto hakuuliza lolote kuhusu dawa. Kauliza tu, kwa hiyo nikiwa wa nne tena hamtakasirika?