Nauza dagaa Mwaloni Kirumba, nataka kujifunza uwekezaji mtandaoni bila kuibiwa tena. Nianzie wapi?

Mama wa Mwaloni

Habari za jioni ndugu zangu. Wakubwa wote shikamooni.

Nina miaka 36, nanunua dagaa visiwani huko Ukerewe na kuwauza hapa sokoni Mwaloni, Mwanza. Anayeijua kazi hii anajua pesa yake inafuata mwezi. Kukiwa giza wavuvi wanaingia ziwani na taa zao, mzigo unashuka, nashika pesa kila siku. Mbalamwezi ikitoka taa haivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni, na mimi nakaa siku saba mpaka kumi nakula nilichoweka. Mvua ikinikuta nimewaanika mchangani ndiyo basi tena: dagaa wakiloa wanabadilika rangi, mnunuzi wa chakula cha watu anapita bila kusimama, anakuja wa chakula cha kuku na bei yake.

Kikoba chetu kilipovunjwa mwezi wa 12 nilipata mgao wa shilingi 1,850,000. Nikijumlisha na iliyokuwepo, nina 3,200,000. Ni mara ya kwanza nashika pesa isiyosubiriwa na deni wala ada ya shule. Iko kwenye simu, na naiona inavyopungua: leo 20,000, kesho 15,000.

Mwaka juzi nililipa 150,000 kuingia kundi la Telegram la mtu aliyejiita mwalimu wa forex, biashara ya kubadilisha fedha za kigeni. Wiki mbili alikuwa anatuma picha za magari na miamala ya dola. Wiki ya tatu akasema tumpe pesa atufanyie biashara yeye mwenyewe. Mimi sikuwa nayo. Jirani yangu wa meza alimpa 600,000 na mpaka leo hajaiona hata shilingi.

Kwa hiyo safari hii sitaki kuambiwa niweke wapi, nataka kuelewa mwenyewe. Nimeishia kidato cha nne, Kiingereza nasoma taratibu, simu yangu ni nzuri na usiku bando lipo. Nisome wapi, na nianze na nini?

Kijana wa Igoma

Pole sana dada. Najua hata kabla hujamaliza kusoma majibu haya kuna watu watakufuata inboksi. Usiwajibu.

Mhasibu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimeshika vitabu vya hesabu vya watu kwa miaka 31, na nimefurahi kuona mtu anaomba kufundishwa kabla ya kuomba faida.

Kila utakapofungua somo, jiulize kwanza: huyu anayenifundisha anapata wapi ugali wake? Kama unatoka kwenye ada yako, au kwenye pesa utakayomkabidhi somo likiisha, funga. Wa umri wangu tunaikumbuka DECI, iliyosimamishwa na Serikali mwaka 2009. Watu "walipanda mbegu", na waliowahi kuvuna walilipwa kwa mbegu za waliokuja nyuma yao. Hapakuwa na shamba lolote. Mwalimu wako wa Telegram ni wa ukoo huohuo.

Ndiyo maana nakushauri uanze na wasimamizi, hata kama kurasa zao hazina mvuto. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, imewekwa kwa sheria ya mwaka 1994 na ndiyo inayotoa leseni kwa madalali wa hisa na mameneja wa mifuko ya uwekezaji. Kwenye tovuti yao utawakuta wenye leseni. Mtu akikutaka pesa ya hisa au vipande (sehemu unazonunua kwenye mfuko wa uwekezaji) na jina lake halimo, mazungumzo yameisha. Kwa upande wa mikopo, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji chini ya Benki Kuu, kwa hiyo wa aina hiyo unawahakiki kule.

Kisha nenda tovuti ya Soko la Hisa la Dar es Salaam, DSE. Soko lilianza kuuza na kununua mwaka 1998, kampuni ya kwanza ikiwa TOL, inayotengeneza gesi za viwandani na hospitali. Bei zinatolewa kila siku ya kazi, na kampuni zilizoorodheshwa zinalazimika kutangaza hesabu zao. Zoezi langu kwako ni hili. Chagua kampuni mbili ambazo huduma zao unazitumia wewe mwenyewe, tafuta taarifa zao za mwaka, usisome zote. Tafuta namba tatu: mapato, faida baada ya kodi, na gawio kwa kila hisa, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa. Ziandike kwa miaka mitatu mfululizo. Fanya hivyo miezi mitatu kabla hujanunua hata hisa moja, na uwe unaangalia bei kila Ijumaa. Utaona zinavyopanda na kushuka, na utajijua kama moyo wako unahimili.

Nansio 84

Mwadila mama! Nakusalimu kutoka kwetu Ukerewe. Nilikuwa mweka hazina wa kikoba miaka sita, kwa hiyo naongea na wewe lugha moja.

Masomo mengi ya bajeti mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya mtu wa mshahara: mwezi una siku 30, pesa inaingia tarehe 25. Wewe mwezi wako ni ule wa mbinguni. Gawa daftari lako kurasa mbili, giza na mbalamwezi. Rekodi mizunguko mitatu tu, kila kilichoingia na kila kilichotoka, hata vocha. Ukishajua nyumba yako inakula kiasi gani kwenye mbalamwezi moja, zidisha mara tatu. Hiyo ni akiba ya dharura, haiguswi na uwekezaji wowote.

Na usiiache kwenye simu ile unayolipia nauli ya bajaji. Soma kurasa za UTT AMIS, kampuni ya Serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji, wana maelezo ya Kiswahili. Mfuko wao wa Umoja ulianza mwaka 2005, na ule wa Ukwasi umetengenezwa kwa mtu anayeweza kuhitaji pesa yake ndani ya siku chache za kazi. Bei ya kipande inatangazwa, kwa hiyo unaweza kuifuatilia kwa wiki kadhaa bila kuweka hata senti. Mimi nilifanya hivyo: kila bei mpya niliiandika kwenye ukuta wa stoo kwa mkaa, mpaka nikaielewa.

Fundi Boti Nyegezi

Mnamsomesha sana huyu mama. Pesa ya mfanyabiashara irudi kwenye biashara. Anunue turubai na chanja za kuanikia, aongeze mzigo. Hakuna mfuko utakaomlipa kama dagaa wa giza zuri.

Binti Sengerema

Kaka, chanja na turubai nakuunga mkono kabisa. Zinaokoa mzigo wa mvua, na huo ni uwekezaji pia. Lakini zote 3,200,000? Chakula chake kinatoka ziwani, ada za watoto zinatoka ziwani, na akiba nayo unataka uirudishe ziwani. Mvua ikinyesha wiki mbili mfululizo atashika nini?

Dada, mimi nasoma uchumi hapa Nyegezi. Khan Academy ni bure, ni shirika lisilotengeneza faida, na lina masomo ya fedha binafsi ya video fupi ambazo unaweza kuzisimamisha na kurudia. Investopedia ni kama kamusi, ukikutana na neno gumu unalitafuta humo na kulitafsiri kwa simu. Ukishakomaa, yuko Profesa Aswath Damodaran wa Chuo Kikuu cha New York, ameweka mihadhara yake YouTube bure. Huyo ni mzito, mwache kwa sasa. Angalizo: masomo ya Marekani yamejaa akaunti za pensheni za kwao, 401(k) na nyinginezo. Hayo yaruke. Kwao chukua hesabu tu; kodi na sheria, soma za Tanzania.

Hesabu moja nakupa leo. Gawanya 72 kwa kiwango cha faida cha mwaka, utapata takribani miaka ambayo pesa itajirudufu kama huigusi na faida unairudisha humo. Kwa asilimia 12 ni miaka 6. Sasa geuza upande wa pili: mkopo wa kausha damu wa asilimia 20 kwa mwezi ni asilimia 240 kwa mwaka. Nilipompigia mama yangu hesabu hiyo alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia nimsomee tena.

Mama wa Mwaloni

Nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Mzee wangu, nimesikia hatifungani za Serikali zinaanzia 1,000,000. Ni kweli, au ni za matajiri?

Mhasibu Mstaafu

Ni kweli, kiwango cha chini ni hicho. Hatifungani ni wewe kuikopesha Serikali, nayo inakulipa riba. Unapitia benki au dalali mwenye leseni, mnada unaendeshwa na Benki Kuu, na matokeo yanawekwa kwenye tovuti yao. Riba inalipwa mara mbili kwa mwaka. Ila tazama muda: zipo za miaka 2, zipo za 25. Ukikwama katikati unaweza kuiuza sokoni, lakini bei ya siku hiyo huenda ikawa chini ya uliyonunulia. Pesa ya mbalamwezi usiipeleke huko.

Mama wa Mwaloni

Nimeelewa. Jana usiku nimehamisha pesa kutoka kwenye simu na kuipeleka akaunti ya benki isiyo na kadi, ili kuitoa iwe shughuli. Ya turubai na chanja nimeitenga. Daftari nimeanza, na namba za kampuni mbili nimepata za miaka miwili, wa tatu natafuta. Giza linaanza wiki ijayo, nitasoma nikiwa kwenye meli ya Nansio. Jirani yangu wa meza kaomba tuwe tunasoma wote.

Kuna mahali nimekwama. Kampuni moja imeandika gawio la awali na gawio la mwisho. Ni pesa mbili tofauti?

Mhasibu Mstaafu

Ndiyo, ni malipo mawili ya mwaka mmoja. Chukulia mmenunua mzigo kwa shirika, nusu imeuzwa, mkagawana kidogo mkiwa bado safarini. Hilo ni la awali. Mzigo ukiisha mnapiga hesabu yote na kugawana kilichobaki, hilo la mwisho, na wenye hisa ndio wanaolipitisha kwenye mkutano mkuu. Kwenye daftari lako jumlisha yote mawili, andika namba moja.