Mjadala: Ile picha ya Manchester ishushwe ukutani au iachwe?

Wadau, Januari 2018 jumba la sanaa la Manchester, Uingereza, lilishusha ukutani picha aliyoichora John William Waterhouse mwaka 1896. Wasichana saba walio uchi, wale ambao Wagiriki waliwaita nimfu, wamo bwawani kati ya mayungiyungi wakimvuta kijana Hylas aliyekuja kuchota maji. (Pwani wangeitwa majini, na mama asingekuruhusu kupita hapo magharibi.) Nafasi ikaachwa tupu, watu wakaalikwa kubandika vikaratasi vya maoni. Ilikuwa sehemu ya kazi ya msanii Sonia Boyce. Watu waliwaka, na baada ya wiki moja hivi picha ikarudi.

Hoja ya walioishusha ilikuwa kwamba wachoraji wa enzi ile walimfanya mwanamke ama pambo ama mtego. Nakubali. Ila kushusha picha hakumfundishi mtu kuitazama. Mnasemaje?

— Kaka, hebu itazame hiyo picha kwa karibu. Mmoja kamshika mkono, mwingine anamwonyesha lulu kiganjani, na nyuso zote saba ni kama uso mmoja. Kijana ana jina, wao hawana. Uchi wala haunisumbui, kinachoniudhi ni hicho. Kwangu mimi, wiki moja ilikuwa kidogo.

— Dada, hapo umenigusa, maana hata wenye majina hatukuwajua. Chukua picha ya John Everett Millais ya Ofelia, yule binti wa tamthilia ya Shakespeare, anayeelea mtoni na maua mkononi. Aliyekaa kuchorwa ni Elizabeth Siddal, alilazwa na gauni lake kwenye hodhi la maji mjini London, chini yake zimewashwa taa za mafuta. Taa zikazimika, mchoraji hana habari, na yeye akanyamaza kimya. Akaugua, baba yake akadai pauni 50 za matibabu.

Na Siddal alikuwa mchoraji! Mwaka 1855 John Ruskin, mhakiki wa sanaa, alikubali kumlipa pauni 150 kwa mwaka kwa kazi zake. Kabla ya hapo alishajichora mwenyewe: macho mazito, midomo imefumbwa, hakuna ua hata moja. Waterhouse abaki ukutani, sawa, ila ile sura nayo itundikwe pembeni yake.

— Pembeni? Kwa nini isiwe katikati?