Mrejesho: Nimekimbia Lyon asubuhi tatu

Wakuu, niliuliza hapa mgeni mkimbiaji apite wapi Lyon, Ufaransa, akiwa na asubuhi tatu tu kabla ya vikao. Asanteni, nimerudi salama.

Kingo za mto Rhône ni tambarare, unateleza tu hadi Parc de la Tête d'Or, bustani ya mwaka 1857. Ndani kuna twiga, kuwatazama ni bure. Mtu umetoka Arusha unaenda kushangaa twiga Ulaya!

Utamu wenyewe uko Vieux Lyon, mji wa kale. Unasukuma mlango mzito unaodhani ni wa nyumba ya mtu, unaingia kichochoro cheusi chenye harufu ya mawe mabichi, unapita uani chini ya ngazi za kuzunguka, unatokea mtaa wa pili. Wanaviita traboules. Humo nilitembea, kwa sababu juu watu wamelala. Nje mawe ya barabarani yalikuwa na mvua, nusura nivunje kifundo.

Na wewe uliyesema Fourvière ni "kakilima", tutaonana! Ngazi zilinimaliza. Nilikaa huko juu kwenye ukumbi wa maonyesho wa Warumi, wa miaka kama 2,000, nikihema kama mbwa.