Re: Lakeshore Lodge ya 2027: tuisubiri au tuchukue ya zamani?

Kutoka Houston

Jambo yenu watu wa Lubumbashi. Ndugu wanne, wawili Houston na wawili Dallas, tunataka kuchanga tununue pointi za Disney Vacation Club (chama cha Disney: unanunua pointi, kila mwaka unazitumia kulala kwenye nyumba zake), ili wazazi wakija kutoka Kampemba tusibanane kwenye vyumba vya hoteli. Tukikutana tunakuwa tisa. Lakeshore Lodge, hoteli mpya ya Disney, inatarajiwa kufunguliwa 2027 kando ya Bay Lake, Florida. Tuisubiri hiyo, au tuangalie zile zilizopo tayari, Kidani, Copper Creek na vibanda vya Fort Wilderness? Wenye kujua watuambie.

Kutoka Tampa

Yaya, achana na picha za ziwa kwanza, hesabu vitanda. Watu tisa ndio ugumu wenu. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala pale Copper Creek au Boulder Ridge, zote mbili zikiwa Wilderness Lodge, jirani kabisa na Lakeshore, inaruhusu watu wanane. Kibanda cha Fort Wilderness ni watu sita na bafu moja. Kidani Village, upande wa Animal Kingdom, vyumba viwili vinaruhusu tisa na kuna mabafu matatu. Mkiwa na wazee wanaoamka usiku, hilo si jambo dogo. Old Key West nayo inaruhusu tisa, ila majengo yake mengi hayana lifti. Mnaweza kuomba ghorofa ya chini, lakini ombi si ahadi.

Ubaya wa Kidani ni usafiri: kila mnakokwenda ni basi. Wilderness Lodge wana boti ya kwenda bustani ya burudani ya Magic Kingdom. Riviera wana vigari vya angani vinavyokwenda bustani za Epcot na Hollywood Studios.

Halafu jiko. Studio ina mikrowevu na friji ndogo, basi. Kuanzia nyumba ya chumba kimoja kwenda juu mnapata jiko kamili na mashine ya kufulia. Msitegemee sufuria za pale kusonga bukari (ugali) la watu tisa: bebeni sufuria nzito na mwiko. Unga nunueni hukohuko Houston. Mkikaanga ndakala (dagaa) washeni feni ya juu ya jiko kabla mafuta hayajapata moto, la sivyo king'ora cha moshi kitawatoa nje. Na wazazi wasifunge nyama kavu kwenye mizigo: forodha ya Marekani wataichukua, na asiyeitaja kwenye fomu anaweza kutozwa faini. Jueni pia kwamba hakuna wa kutandika vitanda kila siku. Mkikaa wiki, mtu wa usafi anapita siku ya nne kuondoa taka na kuleta taulo.

Tuje kwa Lakeshore yenyewe. Eneo lile lilikuwa River Country, bustani ya maji iliyofunguliwa 1976 na kufungwa 2001. Mwaka 2018 Disney walitangaza kujenga hapo hoteli iliyoitwa Reflections, ifunguliwe 2022. 2020 kazi ikasimama. Lakeshore ni mradi huohuo uliofufuliwa kwa jina jipya. Kwa hiyo tarehe ya tangazo isiwafanye mkate tikiti za ndege.

Kabla ya kutoa hata dola moja, subirini vitu vitatu ambavyo hutoka mauzo yanapoanza: jedwali la pointi kwa kila usiku, ada ya mwaka kwa kila pointi, na mwaka ambao mkataba unaisha. Jedwali halitazamwi kwa wiki rahisi ya Septemba. Tazameni Julai, kwa sababu ndipo watoto wenu wako vakansi. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi hula pointi nyingi kuliko siku nyingine, kwa hiyo kukaa Jumapili hadi Ijumaa asubuhi kunapunguza sana. Jumla ya pointi za mwaka za nyumba haiwezi kupandishwa baadaye, ila zinaweza kuhamishwa kutoka wiki moja kwenda nyingine. Wiki yenu ikipendwa na wengi, inaweza kupanda.

Miaka ya kuisha kwa zile za zamani ni hii: Boulder Ridge, BoardWalk na Beach Club 2042, Saratoga Springs 2054, Animal Kingdom, pamoja na Kidani, 2057, Bay Lake Tower 2060, Grand Floridian 2064, Polynesian 2066, Copper Creek 2068, Riviera 2070. Old Key West wengine wanaishia 2042, wengine waliongezewa hadi 2057, kwa hiyo soma hati unayouziwa.

Hesabu fanyeni hivi. Chukua bei yote pamoja na gharama za hati, gawa kwa pointi, gawa kwa miaka iliyobaki, kisha ongeza ada ya mwaka ya pointi moja. Tuseme mpya ni dola 200 kwa pointi na ina miaka 45: hiyo ni dola 4.44 kwa pointi kwa mwaka. Tuseme Kidani ya mkono wa pili ni dola 120 na imebakiza miaka 30: dola 4 kamili. Mnaona tofauti ilivyo ndogo. Kinachoamua ni ada, kwa sababu hiyo hailipwi mara moja ikaisha, na hupanda. Tena hesabu hiyo ni ya pesa taslimu. Mkichukua mkopo wa muuzaji, riba yake inaharibu kila kitu.

Jambo ambalo muuzaji atalipitia haraka ni la mkono wa pili. Tangu tarehe 19 Januari 2019, anayenunua kwa mtu Riviera anazitumia pointi hizo Riviera tu. Villas za Disneyland Hotel (2023) na vibanda vya Fort Wilderness (2024) vikafuata kanuni hiyohiyo. Na anayenunua kwa mtu moja ya zile hoteli 14 za Disney zilizotangulia Riviera anazunguka ndani ya hizo 14, hazifungui mlango wa Riviera wala za baada yake. Jengo jipya la Polynesian, Island Tower, lililofunguliwa Desemba 2024, liliponea kwa sababu liliingizwa ndani ya chama cha wamiliki wa Polynesian cha zamani. Kwa hiyo kwenye karatasi za Lakeshore ukurasa wa kutafuta kwanza ni huu: ni chama kipya au imeunganishwa na cha zamani? Ikiwa chama kipya chenye masharti hayo, siku mtakayotaka kuuza wanunuzi watakuwa wachache, na bei itaonyesha.

Maoni yangu: familia ya watu tisa, Kidani ya mkono wa pili. Lakeshore kakodisheni pointi za mwanachama mara moja, mlale, mkague, kisha muamue.

Kutoka Lubumbashi, Kampemba

Asante sana Tampa. Mimi nashughulika na dosie za safari, niongeze upande wa huku, maana pointi na viza hazitembei mwendo mmoja.

Mwenye pointi za nyumba fulani anaweka nafasi miezi 11 kabla. Kwenye nyumba nyingine za chama, miezi 7. Mnataka kufika 15 Julai 2028: Kidani yenu inafunguka 15 Agosti 2027, na kwingine 15 Desemba 2027. Inafunguka saa mbili asubuhi ya Florida. Kwetu Lubumbashi hiyo ni saa nane mchana wakati wa Agosti, na saa tisa wakati wa Desemba, kwa sababu wao wanarudisha saa nyuma na sisi hatugusi.

Mahojiano ya viza ya Marekani ni Kinshasa, si hapa. Ndege ya kwenda na kurudi, malazi ya huko, na pengine safari ya pili kuchukua paspoti: wekeni kwenye bajeti tangu mwanzo. Afisa anaangalia kinachomrudisha mzee nyumbani: parselle (kiwanja), pensheni, kazi, watoto waliobaki. Hati ya pointi za Florida haiongezi kitu hapo, na kuiandika kwa jina la mama ukidhani itasaidia ni kujitafutia maswali.

Viza ikikataliwa, tarehe ya kufuta nafasi ndiyo inayoamua. Mkifuta siku 31 au zaidi kabla, pointi zinarudi zilivyokuwa, isipokuwa zile mlizokopa kutoka mwaka unaofuata. Hizo hazirudi kule zilikotoka. Mkifuta ndani ya siku 30, zinawekwa kando na zinatumika tu kwa nafasi za siku 60 zijazo. Mkifuta siku yenyewe, zimekwenda. Kwa hiyo safari ya wazazi msiijenge juu ya pointi za kukopa.

Angalieni pia mwezi ambao mwaka wenu wa pointi unaanzia. Pointi zinahamishwa kwenda mwaka ujao ndani ya miezi minane ya kwanza tu. Mwaka ukianza Juni, safari ya Julai ikifa mna muda hadi mwisho wa Januari. Ukianza Septemba, muda uliisha Aprili, na pointi zenyewe zinakufa mwisho wa Agosti. Ni safari ileile na hasara mbili tofauti kabisa.

Kutoka Brussels

Kwa walio Ulaya, msitafute pointi za Disney hapa: chama hicho hakina jengo Disneyland Paris. Kilicho jirani ni Marriott's Village d'Ile-de-France, nyumba za vyumba viwili na vitatu, na hiyo ni Marriott Vacation Club.

Sheria ya Umoja wa Ulaya, ile ya 2008/122, inampa mnunuzi siku 14 za kujitoa bila kutaja sababu, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea hata amana. Akikuomba kadi ya benki "ya kushikilia bei", inuka uende. Hispania mkataba haupaswi kupita miaka 50.

Shida ya sasa kwa wenye wiki ya namba maalumu, yaani wiki ileile kila mwaka, ni kalenda. Shule za Kifaransa za Ubelgiji zilibadilisha likizo 2022: Toussaint na Carnaval ni wiki mbili mbili, na likizo ya masika haifuati tena Pasaka. Za Kiflemi hazikubadilika. Mtu aliyenunua wiki ya Pasaka miaka ya nyuma anaweza kukuta watoto wako darasani, na familia yenye mtoto mmoja kila upande haina hata wiki moja ya masika ya uhakika. Ukinunua hapa, nunua pointi, si wiki ya namba.

Kutoka Johannesburg

Kwa ufupi. Huku wamezizoea sana hizi nyumba za zamu, za pwani ya Durban na za milima ya Drakensberg, na ada yake ya mwaka inaitwa levi. Aliyefuatwa na muuzaji ana siku tano za kazi za kujitoa, kwa sheria ya walaji ya 2008. Levi inadaiwa hata usipokwenda. Wiki za Desemba hugombaniwa, na ndizo jamaa wa Lubumbashi huzitaka, kwa hiyo muulize muuzaji aliyepata Desemba iliyopita aliiomba lini.

Kutoka Houston

Asanteni kabisa. Basi hati tuandike majina yote manne?

Kutoka Tampa

Hapana Yaya. Kila aliye kwenye hati anadaiwa ada, na siku ya kuuza sahihi zote zinatakiwa. Andikeni wawili, mmoja Houston na mmoja Dallas, na hao wengine mfanye karatasi yenu ya kuchanga pembeni. Mzazi aliye Lubumbashi msimwandike: mgeni wa nje akiuza mali ya Marekani, mnunuzi anazuia asilimia 15 ya bei kwa ajili ya kodi, na kuidai kunahitaji namba ya kodi na fomu za mwaka mzima. Akifariki, mirathi inafunguliwa Florida.

Florida mna siku 10 za kujitoa tangu kusaini au kupokea karatasi ya mwisho, lolote litakalochelewa, na haki hiyo haiondolewi hata mkisaini kuikataa. Tumeni barua kwa posta ya rejesta kwenye anwani iliyoandikwa ndani ya mkataba. Inahesabiwa siku iliyotumwa. Kumpigia muuzaji simu hakuhesabiki. Na kwa mkono wa pili, Disney wana haki ya kuinunua wao kwa bei mliyopatana, kwa hiyo msiweke nafasi wala kumwambia mama tarehe kabla hawajaiacha kwa maandishi.