Sitari: palta zangu zimekuwa kupanda na kushuka ngazi tu, naombeni ushauri

Mwanafunzi_Pune
Habari za jioni wakuu. Niko Pune, India, kimasomo, na tangu mwaka jana najifunza sitari (ala ya nyuzi ya Kihindi) kwa mzee mmoja hapa mtaani. Kila siku napiga palta, yaani mafungu ya noti yanayopanda na kushuka, saa nzima: Sa Re Ga Ma, Re Ga Ma Pa, Ga Ma Pa Dha, hadi Sa ya juu, kisha nashuka. Metronomu ikiwa 80 mkono unakwenda vizuri. Nikifika 120 bega linakakamaa, mapigo ya kusukuma nje (Ra) yanafifia, nasikia ya kuvuta (Da) peke yake.

Kinachoniuma zaidi ni cha juzi. Mwalimu aliniambia nicheze chochote ndani ya raga ya Yaman (noti zenye mwendo wake maalumu), dakika mbili tu. Nikajikuta napanda ngazi, nashuka ngazi. Akanisikiliza, akanyamaza, akaenda kuchemsha chai. Nakosea wapi?

Mzee wa Tanpura
Pole, mwanangu. Rudi 60, ukae hapo wiki mbili. Da unavuta kidole kuja kwako, Ra unakisukuma nje, na Ra ndiyo mkono mvivu. Basi palta ileile ianze na Ra: Ra Da Ra Da. Jirekodi kwa simu, usikilize umefumba macho. Ukiweza kusema hii ni Da na hii ni Ra, bado hujafika; zinatakiwa zilingane.

Halafu palta uliyoandika haina sura ya Yaman, hata ukiweka Ma kali (iliyopandishwa nusu). Yaman ikipanda mara nyingi huruka Sa na Pa. Jaribu hivi, ukianzia Ni ya chini: Ni Re Ga, Re Ga Ma, Ga Ma Dha, Ma Dha Ni. Washa tanpura, ile sauti ya nyuma isiyokatika, uone inavyobadilika.

Tintali16
Naongezea hesabu. Palta yako ya noti nne ina vipande vitano, yaani mapigo 20, na tintali, mzunguko wa mdundo, ina matra (mapigo ya kuhesabu) 16. Ukirudia kupanda bila kusimama, mara ya pili utaanzia matra ya 5, ya tatu matra ya 9 palipo khali (pigo tupu), ya nne ya 13, ndipo unarudi kwenye samu, matra ya kwanza. Mapigo 80, mizunguko mitano. Hesabu kwa sauti huku ukipiga. Mimi hapo ndipo palta ilipoacha kuwa mazoezi ya vidole.

Dada Bansuri
Mzee kasema kweli, ila kuimba kumesahaulika, na kwangu ndicho cha kwanza. Noti nne tu zina mipangilio 24. Ndiyo merukhandi hiyo, ambayo mwimbaji Ustad Amir Khan aliijenga ndani ya uimbaji wake. Chagua mipangilio mitatu kwa siku, iimbe mpaka uipende, ndipo ushike sitari. Kaka, kidole kisicheze kitu ambacho koo halijakijua.

Mwanafunzi_Pune
Shikamoo Mzee, asanteni wote. Nimejaribu usiku huu kwa 60. Kuanza na Ra kumeniaibisha, mkono ulikuwa kama wa mtu mwingine. Hesabu ya tintali napotea mara ya tatu, palepale kwenye khali. Lakini Ni Re Ga nimeiimba juu ya tanpura karibu nusu saa, na sikutaka kuacha. Swali moja: nikishuka, Pa niirudishe?

Mzee wa Tanpura
Marahaba. Irudishe, na utulie hapo kidogo kabla ya kuteremka kwenda Ma.